Mji huu tuutembee wenyewe: mhadhara kwa wakazi wa Dar

Wazee wangu shikamooni, wengine wote habari za asubuhi. Naona sura humu ndani zimeshanisikia kwenye hili jambo mara tatu mara nne, na leo mtalisikia tena kwa sababu bado halijafanyika. Siku likifanyika nitanyamaza, nakaa kwangu Ilala napanda mchicha.

Jambo lenyewe ni hili. Matembezi ya historia ya Dar es Salaam yawe ya wakazi kwanza. Makumbusho yafungue geti, watu watoke kwa miguu, kwa Kiswahili, na tukifika mtaani anayeishi pale ndio aongee, na akishaongea iandikwe siku hiyo hiyo. Sina lingine.

Sasa hivi ilivyo, mgeni akishuka kwenye boti ya Zanzibar na saa zake tatu mkononi, hakosi mtu wa kumtembeza. Anaanzia Boma la Kale pale Sokoine Drive, anapita kanisa la Azania Front, anaingia Mtakatifu Joseph, anakwenda Sanamu ya Askari, anakatiza bustani ya mimea anakuja kumalizia hapa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kwenye lile fuvu la kale la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai. Njia nzuri, naipenda, na wasanifu majengo waliofungua kituo chao pale Boma la Kale mwaka 2017 wamefanya kazi kubwa, nawapongeza. Lakini yupo mama wa Mbagala anapita mbele ya lile Boma mwaka wa ishirini huu anawahi gari, hajawahi kuambiwa na mtu kwamba lile jengo ni la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860, mawe ya matumbawe yale, limemkuta Mjerumani limemkuta Mwingereza na bado limesimama. Yeye anachokijua ni kivuli chake saa saba mchana. Na kivuli amekijua mwenyewe, hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo msiniambie hana macho.

Haya, niwaambieni ya Sanamu. Waliokwisha kuisikia watanivumilia.

Nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha pili, kama thelathini hivi, tumetoka nao Temeke kwa daladala mbili. Nikawasimamisha pale Samora, magari yanazunguka, honi, jua ndio linaanza kuchoma. Nikawaeleza kama kawaida: sanamu hii ni ya 1927, Waingereza waliiweka kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918, na maandishi yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi hizi zetu na kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu wakati ule wengi walikuwa wamesoma chuo cha Kurani. Nikawaambia wapagazi wameitwa pale mikono na miguu ya jeshi. Na mwisho maandishi yanasema, kwa maana yake, ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako.

Nikataka kuendelea na Wissmann, yule gavana wa Kijerumani, maana hiyo napenda kuieleza. Enzi za Mjerumani mji huu ulikuwa na sanamu ya huyo Wissmann, kasimama juu, na chini yake wamemweka askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua kichwa. Mwingereza alipouchukua mji mwaka 1916 akaing'oa, ikaishia Hamburg, kwao Ujerumani, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha hukohuko wakaiangusha wenyewe. Yaani yule bwana katolewa hapa na vita, kule katolewa na watoto wa shule. Basi ndio nafungua mdomo, binti mmoja mdogo wa umbo akanyoosha mkono. Mwalimu, kama watoto wao watayakumbuka majina, majina yenyewe yapo wapi?

Nikazunguka lile jiwe. Nimelizunguka mara mia maishani lakini siku ile nilizunguka natafuta. Hamna. Hakuna hata jina moja.

Pembeni kulikuwa na mzee wa kahawa, ana birika lake na jiko la mkaa na vikombe kwenye ndoo, na kashata kwenye chupa. Mimi nilidhani anatusubiri tununue. Akaweka birika chini akasema mwanangu, mimi ninayo saba. Watoto wakageuka wote. Akasema babu yake ni mtu wa upande wa Ulanga, alibebeshwa mizigo na Mjerumani kwanza, Mjerumani alipokimbia akabebeshwa na Mwingereza, akavuka Ruvuma mpaka kwa Mreno, na vijana waliotoka kijijini kwao pamoja walikuwa wanane akarudi yeye peke yake. Na kila mavuno, kabla watu hawajaanza kula, babu alikuwa anawataja wale saba. Baba yake akawa anawataja. Yeye mwenyewe kaja Dar na majina yake kichwani. Akayasema pale kwenye honi, polepole, watoto wakaandika kwenye madaftari, na alipofika jina la tano akanyamaza kidogo, halafu akaendelea.

Hayo majina siyatamki hapa kwa sababu ni ya familia na sijaomba ruhusa yao. Ila nataka mwelewe kilichotokea. Jiwe linasema wanao watakumbuka, na mwana aliyekumbuka alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye jiwe anauza kahawa, na sisi waongozaji tumepita mbele yake miaka na miaka tunawaeleza wageni kwa Kiingereza habari za babu yake.

Nikachukua daftari moja nikaenda nalo ofisi fulani. Nikaulizwa chanzo. Nikasema chanzo ni mjukuu. Nikaambiwa mama, hiyo sio rasmi, mzee anaweza kukosea. Nikatoka.

Na hapa najua baadhi yenu mnasema moyoni, sasa si kweli? Wazee si wanakosea kweli? Nijibu hilo vizuri maana ndilo linalonichosha kuliko yote. Wiki tatu baadaye nilipeleka wanafunzi wengine pale pale, yule mzee akaniita kabla sijasema neno. Akaniambia mwalimu, jina la tatu wale watoto wameliandika vibaya, na mimi mwenyewe nimelitilia shaka, nimempigia dada yangu kijijini, naye kamuuliza shangazi, jina hasa ni hivi. Akataka nirekebishe kwenye madaftari yote thelathini. Thelathini! Nikarudi Temeke nikafanya hivyo, darasani, mbele ya watoto. Sasa niambieni nani alikuwa rasmi pale, yule mzee aliyepiga simu mpaka kijijini kwa ajili ya jina moja la mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, au waliokuwa na karatasi na mihuri wakayaacha majina yapotee? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wamekiri wenyewe, kwa maandishi. Karatasi nayo inakosea, na ikikosea haina dada wa kumpigia simu.

Kwa hiyo mimi sisemi tumwamini kila mzee kila neno. Unamuuliza, hili umeliona au umeambiwa? Umeambiwa na nani, alikuwa wapi? Unaandika yote, unaandika na wanapopishana, halafu unakwenda kwenye nyaraka unalinganisha. Hiyo ni kazi ya makumbusho, ndio kazi yenyewe hasa. Lakini huwezi kulinganisha kitu ambacho hukwenda kukichukua.

Mwingine atasema mwalimu, watu wana njaa, nani ana muda wa kutembea juani anaangalia majengo. Jamani. Mtu wa Dar anatembea kutoka Kariakoo mpaka Posta kila siku ya Mungu, anatembea mitaa ya Gerezani, anatembea na mzigo kichwani. Kutembea anakujua. Tunachomwomba ni Jumapili moja, asubuhi kabla jua halijawa kali, atembee njia ile ile bila mzigo. Na ninaowaona wakija sio wenye nafasi, ni mafundi cherehani, ni vijana wa bodaboda, ni mama lishe anayekuja mpaka saa tatu halafu anakimbia kuwasha jiko.

Sasa Kariakoo. Hapa ningeweza kukaa mpaka jioni. Jina mnalijua linakotoka, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ndio hao hao mikono na miguu. Mwingereza alipoingia 1916 aliweka kambi yao pale. Kwa hiyo ukitoka kwenye Sanamu ukaenda Kariakoo hujabadilisha mada, umetoka kwenye jiwe umekwenda walikolala watu wenyewe. Na njiani unakatiza Mnazi Mmoja, ule uwanja mliozoea kukata njia, ule uliachwa wazi makusudi kutenganisha Uhindini na Uswahilini, kila rangi ikae na upande wake. Watoto hawaamini nikiwaambia. Nawaambia simameni hapa katikati, geukeni huku, geukeni huku, angalieni upana wa mitaa na upana wa viwanja, wanaona wenyewe.

Soko lenyewe la ghorofa mnalolijua alichora Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na yale mapaa yake kama miavuli iliyogeuzwa yalichorwa hivyo yakinge maji ya mvua. Wangapi mlijua? Wafanyabiashara wa pale wanajua, mmoja aliniambia alikuwa anaisikia mvua ikishuka ndani ya nguzo. Likaungua Julai 2021. Ile wiki ya moto watu walikuwa wanaongea kila kona, nani alikuwa na kizimba wapi tangu mwaka gani, nani alirithi kwa mama yake, historia nzima ya soko ilikuwa nje barabarani imekaa kwenye viroba. Ilitakiwa siku zile watu wa makumbusho wawe pale na madaftari na simu wanarikodi. Mimi nilikwenda na madaftari mawili yakaisha siku ya kwanza.

Halafu wanawake. Tunapita Lumumba tunasema TANU ilizaliwa hapa tarehe 7 Julai 1954, tunapiga picha tunaondoka. Na Bibi Titi Mohamed je? Tunalitaja jina lake kila siku kwa kondakta, shusha Bibi Titi, basi. Alikuwa anaimba kwenye ngoma, kikundi cha Bomba, na 1955 alipoanza kuwatafutia TANU wanawake aliwafuata huko huko kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu ndiko walikokuwa wamejipanga tayari, wana viongozi wao, wana michango yao. Chama kilipita kwenye ngoma. Sasa hiyo utaieleza vipi kwa kusimama mbele ya ukuta? Inabidi uingie uani, uwakute bibi waliorithi nyimbo. Nyumba zenyewe za vyumba sita na ukumbi katikati na baraza mbele zimebaki za kuhesabu pale Kariakoo, kila mwezi inashuka moja linapanda ghorofa, na baraza ikishavunjwa hakuna pa kukaa kuhadithiana.

Naonyeshwa saa. Haya.

Kuhusu siku za jamii. Kijiji cha Makumbusho kule barabara ya Bagamoyo wana utaratibu wa muda mrefu wa kuzipa jamii siku zao, kabila fulani wanakuja na nyumba yao, chakula chao, ngoma zao. Naupenda na nimekula sana pale. Ila mimi naomba na mitaa ipewe siku. Siku ya Gerezani. Siku ya Buguruni. Mtu alete picha ya harusi ya 1972, alete kadi ya chama, alete kanga ya mama yake, ipigwe picha, aulizwe, kitu chake arudi nacho nyumbani. Warudi nacho, nasisitiza, watu wanaogopa kuleta kwa sababu hiyo.

Nilitaka niseme na kuhusu waongozaji kulipwa, hasa wazee wa mtaani, maana huwezi kumsimamisha mtu na biashara yake nusu saa ukamwachia asante. Nilitaka niseme kuhusu wasiosikia na wanaotembelea magari ya walemavu, zile ngazi za mbele na mitaro iliyo wazi. Na vyoo, kwenye njia nzima hakuna choo cha uhakika. Haya yote tutayaongea tukiwa njiani.

Jumapili hii, saa moja kamili asubuhi, Mnazi Mmoja pale kwenye mnara wa Mwenge. Vaa raba, njoo na kofia na maji na daftari. Mzee wa kahawa amesema atakuja na birika. Na kama una bibi yako aliyewahi kucheza ngoma mji huu, mpandishe bajaji mlete, hata akichelewa hatutaondoka bila yeye.