Seli T haioni kirusi mpaka ionyeshwe

Haya jamani tuanze, leo nataka mtoke na kitu kimoja tu kichwani: seli T, ile seli ya kinga inayowinda seli zilizoambukizwa, haikioni kirusi. Hata kikipita mbele yake kizima haina habari nacho, mpaka seli ya mwili wenyewe ikate protini zake vipande vipande, ichukue kimoja ikipakate kwenye molekuli ya MHC, yaani protini ya kuonyeshea vipande ambayo hutofautiana mtu na mtu, kwa binadamu tunaita HLA, ikitoe nje kwenye utando, hapo ndo seli T inasogea kuangalia.

Sasa tulijuaje? Mwaka 1973 hivi pale Canberra, Australia, watafiti Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waliambukiza panya virusi vya LCM, vinavyoshambulia panya, wakatoa seli T kwenye bandama, wakazichanganya na seli zingine zenye virusi hivyohivyo ambazo walishazilisha kromiamu yenye mionzi. Seli ikipasuliwa kromiamu inavuja, unaipima. Zile seli za panya wa aina moja ya tishu, yaani MHC, na wale waliotoa seli T zikapasuka, kromiamu ikamwagika. Za panya wa aina nyingine, virusi ni vilevile jamani, hazikuguswa! Mi kila nikilisimulia hili nasisimka, maana maana yake ni kwamba seli T inasoma vitu viwili kwa pamoja, kipande cha mgeni na mkono wa mwenyeji unaokishika. Nobel wakapewa 1996.

Na mnisikie vizuri hapa, wengi HLA wanaijua kwenye kupandikiza figo tu, wanaona kama iliwekwa kukataa viungo vya watu. Hapana, kazi yake ni kuonyesha.

Seli B, ile seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, nayo inahitaji hilo. Yenyewe inainasa antijeni, yaani kitu kigeni kinachoamsha kinga, nzima nzima, inaimeza, inaikata, inatoa kipande kwenye MHC daraja la pili, ile aina inayosomwa na seli T saidizi, seli T saidizi inayokitambua kipande hicho juu ya MHC hiyo inaigusa na kuipa ruhusa, ndo seli B inaongezeka na kumwaga kingamwili za nguvu. Aina za MHC zisipoendana, kwa kawaida msaada haupatikani.

Mtauliza seli T zilijifunzia wapi kuijua MHC ya kwao. Ni kwenye tezi ya thaimasi, kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Isiyoweza kabisa kuishika MHC ya hapo inakufa, inayoishika kwa nguvu mno nayo nyingi zinafia humohumo, na zinazotoka hai ni chache sana.