Fimbo Kwanza au Mkanda Mweusi Kwanza?

ZUHURA: Haya tumerudi. Leo tulisema tuongelee mtihani wa mkanda wa tae kwon do, nimeandika vitu vitano kabisa hapa, ila mjomba subiri kwanza, wiki hii nimeshika bo!

MJOMBA SEIF: Umeshika nini?

ZUHURA: Bo, ile fimbo ndefu. Tumemaliza mateke, tumeinamiana, mi nshajua ndo tunaondoka, sabum, yaani mwalimu wetu, akasema wenye mikanda myekundu wabaki. Akaleta fimbo akatugawia. Mjomba miaka yote hiyo nawaona wakubwa wanazungusha mi nimekaa kwenye mkeka natoa macho tu, halafu leo iko mkononi mwangu, nilifurahi jamani.

MJOMBA SEIF: Na mkanda mweusi bado hujapata.

ZUHURA: Ndo umeshaanza.

MJOMBA SEIF: Sijaanza, nauliza tu. Endelea, amewafundisha nini?

ZUHURA: Nane. Ncha ya fimbo inachora nane hewani, inapita upande wa kulia, inakatiza mbele ya mwili, inaenda kushoto. Kiganja kimoja kinaangalia juu kingine chini. Ukitazama kwa mbali unasema rahisi, sasa shika. Mkono wa kushoto unachelewa, na ukichelewa tu ile ncha ya chini inakuja kwenye ugoko, paa! Na huruhusiwi kuiangalia fimbo, macho mbele, maana ukiiangalia mabega yanainama na kila kitu kinavurugika.

MJOMBA SEIF: Hapo sabum wako kasema kweli. Na nyumbani unafanyia nini mazoezi?

ZUHURA: Si nimechomoa mpini wa fagio.

MJOMBA SEIF: Aaah! Kumbe ni wewe! Dada kanipigia simu jana, analalamika fagio limebaki kichwa tu, nikamwambia labda limevunjika.

ZUHURA: Halijavunjika, mama ataupata mpini wake.

MJOMBA SEIF: Lini? Maana nyumba inafagiliwa kwa kuinama sasa hivi.

ZUHURA: Mjomba bwana.

MJOMBA SEIF: Hapana ngoja, hili ni jambo la maana, tusilipite, maana najua kuna vijana wengi wanasikiliza na wao wameshachomoa fagio za watu. Mpini wa fagio haufai. Bo ya kawaida ina kama sentimita 180, mpini wa fagio unakufika kifuani. Halafu ni mwepesi, mkono unazoea kwenda haraka, siku ukipewa fimbo ya mti mgumu inakuchelewesha, kila ulichojifunza kinakuwa nje ya wakati.

ZUHURA: Lakini nane ni ile ile.

MJOMBA SEIF: Sio ile ile. Ule mpini upande mmoja una skrubu za kushikia kichwa, uzito umelalia huko. Bo ukiiweka juu ya kidole katikati inatulia. Ebu jaribu huo mpini wako uone kama utatulia.

ZUHURA: Nikisogeza kidole kidogo unatulia.

MJOMBA SEIF: Basi katikati yake sio katikati! Halafu rangi. Fagio limepakwa rangi, jasho likiingia linateleza, fimbo inaruka inaenda kuvunja taa. Na mti wa fagio ukipasuka unapasuka kwa urefu, unakuachia vibanzi kwenye kiganja.

ZUHURA: Sawa, sasa mtu ambaye hana bo afanye nini?

MJOMBA SEIF: Bomba la plastiki, lile la maji. Unalikata urefu wako wewe mwenyewe, unalivika sponji, unalifunga na gundi ya karatasi. Likikugonga hutalia, na fagio la watu linabaki na kichwa chake.

ZUHURA: Umelishikilia hilo fagio!

MJOMBA SEIF: Ni la dada yangu. Na hiyo sponji ndo kabisa kwa nanchaku, ile ya vijiti viwili vilivyounganishwa, mtu asianze na ya mti. Ile unaipitisha juu ya bega unaidakia chini ya kwapa, ikikosa inapata kiwiko, na kiwiko hakina nyama. Tena wale wanaotembea nayo kwenye begi waulize sheria kwanza. Kanada ni silaha iliyopigwa marufuku, na New York ilikatazwa tangu 1974 mpaka mahakama ikaiondoa hiyo sheria 2018.

ZUHURA: Hiyo sikuijua. Mi naibeba ya sponji tu, tena mpaka ukumbini basi.

MJOMBA SEIF: Vizuri. Sasa nirudi kwenye langu. Wewe uko Taegeuk ya ngapi, ile mipangilio ya mapigo ya kufuatana?

ZUHURA: Ya 7 imekaa. Ya 8 naisukuma.

MJOMBA SEIF: Ya 8 ina mateke ya kuruka, na mtihani unakuja. Muda wa kufunzwa fimbo umetoka wapi? Tae kwon do ni miguu. Ulingoni teke la kifuani pointi 2, la kichwani 3, ngumi 1. Fimbo haina pointi. Bo, sai, tonfa, mundu, silaha hizo ni za Okinawa kule Japani, zina walimu wake na maisha yake. Mtu amalize nyumba moja ndo ahamie nyingine.

ZUHURA: Korea nao walikuwa na fimbo mjomba! Kitabu chao cha jeshi cha 1790, Muyedobotongji, kina mbinu 24, na ya mikono mitupu ni moja tu, nyingine karibu zote ni silaha, fimbo imo.

MJOMBA SEIF: Imo, sikatai. Ila jina tae kwon do limekuja 1955, na wengi wa walioanzisha zile shule za mwanzo walikuwa wamejifunza karate Japani. Kutoka kile kitabu mpaka mkeka wenu wa leo hakuna uzi ulionyooka. Sabum wako hakukitoa huko.

ZUHURA: Hata asikitoe huko, mi nakuambia kilichotokea mwilini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala. Kwenye Taegeuk 7 kuna gawi makki, ile mikono miwili inapishana kama mkasi, kila siku sabum ananiambia wa kushoto unafika mwisho. Baada ya kuzungusha fimbo wiki hii, inafika pamoja. Kwenye poomsae, yaani kushindana kwa hiyo mipangilio, majaji wanaangalia hivyo, usahihi peke yake ni 4.0 katika 10.

MJOMBA SEIF: Ungerudia gawi makki muda ule ule ungepata hicho hicho.

ZUHURA: Nimeirudia mwaka mzima!

MJOMBA SEIF: Basi mwaka umeiva, fimbo imekuja kuchukua sifa.

ZUHURA: Hapana mjomba, kwa hilo sikubali.

MJOMBA SEIF: Na mimi sikubali. Kijana wa miaka 16 magoti bado yanakua, kichwa kimejaa shule, ukimuongezea silaha tano anakuwa anajua kila kitu nusu nusu. Nimewaona, wanazungusha nanchaku vizuri sana halafu teke la pembeni nyonga haijageuka.

ZUHURA: Na mi nimewaona walioacha kabisa kwa sababu kila siku teke teke teke. Fimbo ndo imenifanya nitamani kwenda tena Jumanne. Hiyo haina thamani?

MJOMBA SEIF: Ina thamani. Ila sio sababu ya kuruka hatua.

ZUHURA: Sijaruka hatua, nimepewa na sabum!

MJOMBA SEIF: Nitaongea na huyo sabum.

ZUHURA: Usithubutu! Halafu ona saa, tumebakiza dakika mbili na vile vitu vitano vya mtihani hata kimoja sijasema.

MJOMBA SEIF: Sema kimoja.

ZUHURA: Haitoshi, cha kwanza tu ni kirefu, kile cha kupumua kabla hujaitwa. Wenye mtihani wiki hii mnisamehe, niandikieni nitawajibu mmoja mmoja. Na wewe mjomba kesho njoo ukumbini uone hiyo gawi makki kwa macho yako.

MJOMBA SEIF: Nitakuja. Nitaangalia miguu.