Bibi harusi, jipodoe mwenyewe: somo kwa asiyewahi kushika brashi

Haya wapenzi, karibuni. Leo nimekaa mbele ya kioo uso mkavu, sijapaka hata mafuta, ili muone kila kitu tangu mwanzo. Video hii ni ya bibi harusi mtarajiwa aliyeamua kujipodoa mwenyewe, na hadi leo hajui konsila, ile ya kuficha madoa, ni ipi, na praima, ile inayotangulia chini ya rangi ya uso, ni ipi. Usijisikie vibaya. Na mimi nilianzia hapo hapo.

Kabla sijafungua begi, nina neno. Wengi wanakwama kwa kutaka kujua upambaji wote: leo macho meusi ya moshi, kesho kontua ya kuchonga uso kwa vivuli, keshokutwa wanja wenye mkia. Mpambaji wa kazi hana budi kuzijua nyuso za kila aina. Wewe una uso mmoja na siku moja. Chagua sura moja unayoipenda, halafu rudia hiyo hiyo mpaka mkono uizoee. Mimi nilirudia mara saba, na mara tatu za mwanzo nilinawa nikiwa nimenuna.

Anza miezi miwili kabla. Ngozi ndiyo inayotaka huo muda, maana kuna vitu itavikataa, na ni heri ivikatae sasa. Zikibaki wiki mbili, usilete kitu kipya usoni: si krimu, si skrabu, si kile ulichosifiwa na rafiki jana. Nyusi zitindwe siku mbili tatu kabla, ili wekundu na vipele vipate kupoa.

Gundi ya kope nayo ijaribu mapema. Nyingi zina lateksi, yaani utomvu wa mpira, na wapo watu inayowadhuru. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, subiri saa 24 hadi 48. Ukiona pamewasha au pamevimba, tafuta isiyo na lateksi. Hili msilipuuze, kwa sababu jicho likivimba hakuna poda ya kulificha.

Sasa faundesheni, ile rangi ya uso mzima. Msijaribu rangi kwenye kiganja wala mgongo wa mkono, hapo hapafanani na uso. Chora mistari miwili mitatu ya rangi tofauti kwenye taya, ishuke kidogo shingoni, kisha nenda dirishani kwenye mwanga wa mchana. Usiamue papo hapo. Subiri kama robo saa, kwa kuwa faundesheni nyingi huiva zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi, zikawa nyeusi kidogo au za rangi ya chungwa. Mstari utakaopotea ndio wako. Na tafadhali, usichague rangi nyeupe kuliko wewe ukidhani ndiyo itang'aa pichani.

Hapo niwape kisa changu. Jaribio langu la tatu nililipenda kweli kweli. Kwenye kioo nilikuwa mtu. Nikamwomba dada yangu anipige picha usiku, na flashi. Loh! Uso ulitoka kama ukuta uliopigwa chokaa, shingo ikabaki yangu ile ile. Makosa yalikuwa mawili. Nilipaka losheni ya kukinga jua yenye titani dioksidi na zinki oksidi, halafu juu yake nikamwaga poda nyeupe ya silika bila huruma. Vitu hivyo vinaurudisha mwanga wa flashi kwenye kamera. Poda ya silika kwa macho haionekani, ndiyo maana kioo kilinidanganya. Tangu siku hiyo nina sheria: jaribio halijaisha mpaka nimepigwa picha tatu, moja dirishani, moja chini ya taa za ndani, na moja gizani kwa flashi.

Jambo jingine la kuangalia kwenye chupa: praima na faundesheni zielewane. Kama praima ni ya silikoni na faundesheni ni ya maji, mara nyingi zinagombana, na unaona vipande vidogo vinajiviringa usoni kama uchafu wa kifutio. Soma viambato. Majina yanayoishia na "cone" au "siloxane" ni silikoni; yakitangulia kwenye chupa zote mbili, uko salama.

Tuanze kazi. Vaa shati la vifungo mbele, usije ukavua nguo kwa kupitisha kichwani na kufuta kila kitu. Kaa ukitazama dirisha, mwanga ukupige usoni. Taa ya darini inaleta vivuli chini ya macho, na utajikuta unavifukuza kwa konsila wakati si vyako.

Nawa, jifute kwa kubonyeza taulo, paka losheni nyepesi. Halafu... kaa. Dakika kumi. Ngozi inywe. Ukigusa shavu na kidole kikateleza, bado. Midomo ipake mafuta mazito sasa hivi, hadi tutakapoifikia itakuwa imelainika. Ngozi ikishatulia, praima kiasi cha punje, kwenye pua na kipaji tu, pale ninapotoka mafuta.

Nyusi. Chukua penseli, isimamishe wima kando ya tundu la pua: inapogusa juu, nyusi inaanza hapo. Ilaze kutoka tundu la pua ipite pembe ya nje ya jicho: nyusi inaishia hapo. Tazama mbele, ipitishe ukingo wa nje wa mboni: hapo ndipo inapopinda. Weka nukta tatu kisha jaza kwa vistari vifupi kama vinywele, ukianzia katikati kwenda mkiani. Mwanzo wa nyusi uupitie mwishoni kabisa, kwa brashi iliyokwisha rangi. Wanaoanza wanakoleza hapo mbele, na bibi harusi anatoka na sura ya mtu aliyeudhika.

Macho nayafanya kabla ya faundesheni. Sababu ni hii, sogeeni muone: huu unga wa aishedo, rangi ya kifuniko cha jicho, ulioanguka shavuni. Sasa hivi naupangusa tu. Ungeangukia faundesheni ningekuwa nimeharibu shavu zima.

Paka konsila nyembamba kwenye kifuniko cha jicho, pitisha poda kidogo. Rangi ya kwanza iwe isiyong'aa, imeizidi ngozi yako kidogo kwa ukolevu. Pitisha kwenye mkunjo wa jicho, kulia kushoto, kama kifutio cha kioo cha gari. Kama kifuniko chako kinajificha ukifumbua macho, tazama mbele, weka rangi juu kidogo ya mkunjo, vinginevyo ukifumbua imemezwa yote. Rangi inayong'aa ibaki katikati ya kifuniko, na ibandike kwa kidole. Ndiyo, kidole. Kinashika kuliko brashi. Wanja wa maji msiuvute mstari mmoja. Weka nukta katikati ya mizizi ya kope, kisha ziunganishe. Mkia tuuache. Mkia unataka mikono miwili ilingane, na asubuhi ya harusi mikono inatetemeka.

Maskara, ile isiyoingia maji, pako moja jepesi. Yawe maskara mapya. Yaliyofunguliwa miezi mitatu iliyopita yatupe.

Sasa uso. Weusi chini ya macho hauzibwi na konsila ya rangi ya ngozi peke yake, utapata kijivu. Ngozi nyeusi ianze na rangi ya chungwa, ngozi nyeupe na ya pichi. Kidogo sana, penye weusi tu. Chunusi nyekundu kwenye ngozi nyeupe, kijani kidogo.

Loweka sponji, ikamue mpaka isitoe tone. Faundesheni iweke katikati ya uso: pembeni ya pua, kidevuni, katikati ya kipaji. Gonga ukielekea nje. Gonga, usisugue! Ukisugua unaondoa ulichokwisha kupaka na unachubua ngozi. Ukifika kwenye taya, rangi kwenye sponji iwe karibu imeisha, imalizie shingoni na masikioni. Masikio yanasahaulika, halafu nywele zikibanwa juu yanakaa pale kama ya mtu mwingine.

Tabaka moja likishapita, weka sponji chini, rudi nyuma hatua mbili, jitazame. Watu watakutazama kutoka umbali huo, si kwa pua kugusa kioo. Palipobaki doa, ongeza hapo tu kwa konsila. Tabaka nene ndilo linalopasuka ukicheka, na siku hiyo utacheka.

Poda: kipaji, pua, kidevu. Chini ya macho, kabla ya poda, tazama juu na ulainishe mikunjo kwa sponji, kisha poda kiduchu. Ule mtindo wa kurundika poda na kuiacha "iokeke" mimi siupendi kwa anayeanza. Ngozi kavu inatoka kama udongo wa kiangazi.

Kontua nairuka. Lakini blashi, rangi ya mashavu, weka, na uzidishe kidogo kuliko unavyoona inatosha, kwa sababu kamera na taa zinakula rangi. Anzia juu ya shavu, vuta kuelekea kwenye nywele.

Tumefika kwenye kope bandia, na hapa tutakaa. Pima kwanza. Weka ukanda wa kope juu ya jicho bila gundi. Uanze pale kope zako zinapoanza, si kwenye kona kabisa ya ndani. Uliozidi ukate upande wa nje, maana ule wa ndani umetengenezwa mfupi makusudi. Uviringe kwenye kidole nusu dakika ulegee. Paka gundi uzi mwembamba, ncha mbili ziongeze kidogo. Sasa hesabu hadi thelathini. Nawaona mnaotaka kubandika! Gundi mbichi inateleza, na ukanda unakwenda unakotaka wenyewe. Isubiri igeuke ya kunata.

Kioo kiweke chini, mezani, ukitazame kwa kuinamisha macho bila kuyafumba. Shika ukanda katikati kwa kibano. Katikati kwanza, juu ya mizizi ya kope. Halafu nje. Halafu ndani. Sasa... mnaona hapa kwangu, ncha ya ndani imenyanyuka. Usibandue. Chovya kijiti cha pamba za masikio kwenye gundi, gusa chini ya ncha, subiri, bonyeza ukihesabu hadi kumi. Imekaa. Mwisho bana kope zako na zile bandia pamoja kwa vidole ili ziwe kitu kimoja. Usiku ukizitoa, lainisha kwanza kwa kiondoa mekapu cha mafuta. Ukizivuta kavu, zako zinaondoka nazo.

Kama baada ya majaribio manne bado zinakushinda, ziache. Nasema kweli. Tabaka la pili la maskara ni bora kuliko kope iliyoning'inia wakati wa kiapo.

Midomo: futa yale mafuta, chora ukingo kwa penseli na ujaze mdomo wote kwa penseli hiyo hiyo, lipstiki juu, bonyeza tishu, lipstiki tena. Spreyi ya kushikiza mekapu, sentimita ishirini hadi thelathini kutoka usoni, mara mbili tatu, na usijipepee, iache ikauke.

Mara ya kwanza kazi hii ilinichukua saa tatu, ya saba saa moja na nusu. Wewe pima yako, kisha siku yenyewe ongeza nusu saa, kwani kila dakika mtu atagonga mlango. Na katika majaribio, angalau moja kaa nayo usoni kwa muda wa saa nane. Kula, lala kidogo ukitaka, cheza muziki. Hapo ndipo utajua pua yako inaanza kung'aa saa ngapi.

Mtu unayemwamini akubebee mkoba mdogo: tishu, karatasi za kunyonya mafuta, lipstiki, poda, gundi, pamba za masikio. Uso ukitoa mafuta, nyonya kwanza ndipo poda. Poda juu ya mafuta inaganda. Machozi yakija, kunja tishu iwe na pembe, tazama juu, pembe iguse kwenye mstari wa kope za chini, inywe. Usipanguse shavu. Mkifanya jaribio nyumbani, fanyeni na zoezi hilo, maana akili haikumbuki kitu wakati mama analia mbele yako.

Haya, nazima taa tujaribu picha. Flashi... moja, mbili. Tuone. Uso na shingo, rangi moja, sawa kabisa. Kope sawa. Lakini nyusi ya kushoto, ngoja nikuze picha, eeh, mwanzo wake umekolea kuliko wa kulia. Pamba iko wapi? Naifuta hapo mbele tu, nairudia.