Kwa Mamlaka Gani? Kesi ya Mfalme Charles I, Januari 1649

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, ahsanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni historia ya Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, na nikiifuata yote tutakesha hapa. Nitachukua siku kumi tu, kuanzia Jumamosi tarehe 20 Januari 1649 hadi Jumanne tarehe 30. Siku hizo, pale London, Waingereza walimfikisha mfalme wao mahakamani na kisha wakamkata kichwa hadharani.

Mfalme kuuawa halikuwa jambo geni. Edward II na Richard II walipinduliwa, wakafia kifungoni katika mazingira ambayo watu waliona heri wasiyaulizie. Bibi yake Charles mzaa baba, Mary wa Scotland, alikatwa kichwa mwaka 1587, ila yeye alihukumiwa ugenini, tena alikuwa ameshaondolewa kwenye kiti chake. Kilichokuwa kipya mwaka 1649 ni kwamba mambo yalifanyika mchana kweupe, kwa hati ya mashtaka iliyosomwa mbele ya umati.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kupinga ajiandae. Kwenye mabishano ya kisheria, mfalme alishinda. Alishinda kwa hoja ambayo yeye mwenyewe alikuwa hataki kuisikia ikitoka midomoni mwa raia zake.

Turudi nyuma kidogo. Charles alirithi ufalme mwaka 1625, mtu mfupi, mwenye kigugumizi, mpenzi mkubwa wa sanaa, na mwenye imani isiyotikisika kwamba mfalme hujibu kwa Mungu peke yake. Machi 1629 alilivunja Bunge na kutawala bila Bunge kwa miaka 11. Kutawala bila Bunge kunawezekana. Kupata fedha bila Bunge ndiyo kazi. Maofisa wake wakafukua kodi ya meli, mchango wa zamani ambao miji ya pwani ilitoa wakati wa hatari ya vita. Mwaka 1635 wakaipanua hadi wilaya za bara, kwa watu ambao bahari waliisikia kwenye hadithi tu. John Hampden wa Buckinghamshire akagoma kulipa shilingi 20. Alikuwa tajiri, shilingi 20 kwake hazikuwa kitu. Alichouliza ni hiki: mfalme anaitoza kodi hii kwa mamlaka gani? Kesi ikasikilizwa na majaji 12. Saba wakaamua kwa upande wa mfalme, watano wakampinga. Kuna ushindi unaomwaibisha mshindi, na huo ulikuwa mmojawapo.

Likaja suala la dini. Mwaka 1637 Charles na Askofu Mkuu William Laud waliwapelekea Waskoti kitabu kipya cha sala. Ibada ya kwanza pale Edinburgh iligeuka fujo, na miaka miwili baadaye Waskoti wakawa na jeshi. Vita vinahitaji fedha, na fedha zilihitaji Bunge, kwa hiyo mwaka 1640 mfalme hakuwa na budi kuliita. Watu waliokaa na manung'uniko miaka 11 wakakutana chumba kimoja. Mengine mnaweza kuyakisia.

Siku moja tu ya kipindi hicho nataka tuitazame kwa karibu: tarehe 4 Januari 1642. Mfalme aliingia mwenyewe ndani ya Bunge la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, askari wakiwa mlangoni, kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwamo. Watano hao walikuwa wameshapenyezewa habari na kutoroka kwa mashua. Charles akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall, ambaye si mtu aliyejulikana kwa ujasiri, akapiga magoti akasema hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali pale isipokuwa kwa agizo la Bunge. Mfalme akatazama viti vitupu, akasema ndege wote wameruka, akatoka. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia tena kwenye kikao cha Bunge hilo.

Agosti mwaka huohuo vita kati ya mfalme na Bunge vikaanza. Navipita haraka. Mfalme alishindwa vibaya Naseby mwaka 1645, akajisalimisha kwa Waskoti mwaka uliofuata, nao wakamkabidhi kwa Bunge baada ya kukubaliana malipo. Akiwa kifungoni alizungumza amani na kila upande huku akipanga vita vingine, na mwaka 1648 vita hivyo vikaja kweli. Hapo ndipo jeshi lilipoishiwa uvumilivu. Makamanda waliofanya maombi pamoja pale Windsor walitoka wakimwita Charles mtu wa damu, yaani mwenye hatia ya damu iliyomwagika.

Sasa angalieni tatizo lao. Wabunge wengi bado walitaka mapatano. Basi asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride akasimama mlangoni pa Bunge na orodha mkononi. Wabunge 45 wakakamatwa, wengine zaidi ya 100 wakarudishwa nyumbani. Jeshi lililopigania haki za Bunge dhidi ya mfalme likawa limefanya jambo lilelile alilojaribu mfalme mwaka 1642, tena kwa ufanisi zaidi. Kipande cha Bunge kilichobaki kikapendekeza mahakama maalumu; Mabwana wa Bunge la Mamwinyi, baraza la makabaila, wakakataa. Ndipo, tarehe 4 Januari 1649, miaka saba kamili tangu ile siku ya ndege kuruka, Makabwela wakatangaza kwamba chini ya Mungu, chanzo cha mamlaka yote ya haki ni wananchi. Maneno mazito na mazuri. Yalitamkwa na wabunge waliochujwa na askari.

Mahakama ilipewa majaji 135. Siku ya kwanza, ndani ya Ukumbi wa Westminster, walioitika hawakufika hata 70. Lilipoitwa jina la Fairfax, mkuu wa jeshi, kimya; kisha sauti ya mwanamke kutoka juu ikasema ana akili kuliko kuwapo hapo. Alikuwa mke wake. Rais wa mahakama, John Bradshaw, alivaa kofia iliyotiwa bamba la chuma ndani kwa kuogopa risasi. Kofia hiyo ipo mpaka leo, kwenye makumbusho ya Oxford.

Mwendesha mashtaka alikuwa John Cook, wakili aliyetoka familia ya wakulima, ambaye aliwahi kuandika kwamba mawakili wawatetee maskini bila malipo. Alipofungua mdomo, Charles alimgusa begani kwa fimbo yake, anyamaze. Cook akaendelea. Mfalme akamgonga tena, na kichwa cha fedha cha fimbo kikachomoka kikaanguka sakafuni. Charles akangoja. Maisha yake yote kitu chake kilipoanguka palikuwa na mtu wa kukiokota. Safari hii hakuna aliyejisogeza. Akainama akakiokota mwenyewe.

Hati ikamwita dhalimu, mhaini na mwuaji, na hapo akacheka. Alipotakiwa kujibu, hakukana wala hakukiri. Akauliza: nimeletwa hapa kwa mamlaka gani? Akafafanua, mamlaka halali, maana duniani mamlaka haramu ni mengi, hata majambazi wa njiani wanayo. Wanaoeleza kesi hii husema kigugumizi chake kilimwachia siku zile. Bradshaw akamjibu kwamba ni mamlaka ya wananchi wa Uingereza, ambao yeye alichaguliwa kuwa mfalme wao. Kosa! Charles akamkumbusha kwamba Uingereza haijawahi kuchagua mfalme. Ni ufalme wa kurithi kwa karibu miaka elfu moja. Siku ya pili akapiga pale penye maumivu: ikiwa nguvu bila sheria inaweza kutunga sheria, raia gani wa Uingereza atakuwa na uhakika wa maisha yake? Hampden, lau angekuwa hai, angeyatambua maneno hayo.

Tarehe 27 hukumu ikasomwa. Majaji 59 wakatia sahihi na mihuri hati ya kifo. Shahidi mmoja baadaye alidai kwamba wawili kati yao, Oliver Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge, na mbunge Henry Marten, walipakana wino usoni kama watoto wakati wa kusaini. Tarehe 30 Charles alivaa mashati mawili, asije akatetemeka kwa baridi watu wakadhani ni woga. Alisubirishwa hadi kama saa nane mchana, kwa sababu Bunge lilikumbuka dakika za mwisho kwamba mfalme akifa mwanawe ni mfalme papo hapo, likabidi lipitishe kwanza sheria ya kukataza asitangazwe. Njia ya kwenda jukwaani ilipitia ukumbi ambao dari lake yeye mwenyewe alimlipa Rubens alichore, baba yake akipaa mbinguni. Shoka lilishuka mara moja. Mkata shingo alikuwa amefunika uso, na jina lake halijathibitishwa hadi leo.

Ufalme ukafutwa mwezi Machi. Aprili 1653 Cromwell akaingia na askari kulifukuza hata lile Bunge lililobaki, na siwa la Spika akaliita kitu cha kuchezea, liondolewe. Mwaka 1660 mwana wa mfalme aliyeuawa, Charles II, akarudi kutawala, na John Cook akapandishwa kizimbani. Alijitetea kwamba alikuwa wakili aliyefanya kazi aliyopewa na mahakama. Majaji wakamjibu kwamba mahakama ile haikuwa mahakama, kwa kuwa walioiunda hawakuwa na mamlaka ya kuiunda. Akauawa Oktoba 16.

Haya, kipaza sauti kipite. Naona dada pale ameinua mkono tangu nilipomtaja Cromwell, tuanze naye.