Nani Ananilipa? Pesa za Nje, Hungary, na Swali Lenu Lisiloisha

Haya jamani, salama? Leo sianzi na baridi wala bei ya unga. Hayo mmeshayasikia kwa kila Mkenya aliye Ulaya na simu yenye kamera. Nimekaa hapa kwa sababu ya swali moja ambalo kila nikipandisha video nalikuta chini limeshatangulia: "Dada, ni kweli wanaharakati na waandishi wa habari wa huko Hungary wanalipwa na Soros?" Halafu mwenzake anafuatia papo hapo: "Na wewe je, nani anakulipa?"

Nianze na la pili, maana lina kichekesho chake. Ninalipwa na serikali ya Hungary. Ufadhili wangu unaitwa Stipendium Hungaricum, ulianzishwa 2013 na serikali ya Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungary wakati huo. Posho ni forinti 43,700 kwa mwezi, na 40,000 nyingine za kusaidia kodi ukikosa bweni. Kabla hamjaandika kwamba najigamba, pigeni hesabu: hiyo posho ni kama shilingi elfu kumi na kadhaa za Kenya, ndani ya Budapest, ambako kodi ya chumba humaliza ile 40,000 na bado ikaingia kwenye posho. Na kabla hamjaandika kwamba nalalamika: karo silipi hata senti. Basi mimi mwenyewe ni mradi wa pesa za nje, na aliyeuanzisha ni yule yule aliyepigana na pesa za nje miaka na miaka.

Sasa Soros, yaani George Soros, bilionea wa Kimarekani anayefadhili asasi za kiraia. Amezaliwa hapa hapa Budapest, 1930. Mwaka 1984, chama cha kikomunisti kikiwa bado kimeshika nchi, alifungua wakfu wake kwa makubaliano na Chuo cha Sayansi cha Hungary. Moja ya vitu walivyoleta ni mashine za fotokopi, wakazigawa maktaba na vyuoni. Kwetu fotokopi ni kibanda karibu na stendi ya matatu. Kwao enzi hizo, kunakili karatasi bila chama kujua lilikuwa jambo la kisiasa kabisa. Na miongoni mwa vijana waliosomeshwa na pesa hizo ni Orbán mwenyewe, aliyekwenda Oxford mwaka 1989 kusoma habari za asasi za kiraia. Msinitukane mimi, hilo analijua kila mtu hapa.

Mtasema, si ndiyo hiyo? Mkono mtupu haulambwi. Nawaelewa. Lakini fikirini nchi ilivyokuwa ukomunisti ulipoanguka. Viwanda vya serikali, magazeti ya serikali, hakuna tajiri wa mtaa mwenye pesa zake za kuanzisha gazeti au kuwalipia maskini wakili. Pesa za ndani za kazi hiyo hazikuwepo, wakachukua zilizokuja. Nisingewalaumu.

Kinachonikera ni kilichofuata baadaye, pesa za ndani zilipopatikana. Orbán aliporudi madarakani 2010, matangazo ya serikali yakaanza kumiminika kwa magazeti na vituo vinavyomsifu, wengine wakakaushwa. Oktoba 2016 Népszabadság, gazeti kubwa la upinzani, likafungwa ghafla, wenyewe wafanyakazi hawakujua. Novemba 2018 matajiri walio karibu na serikali wakatoa bure vyombo zaidi ya 400 kwa wakfu mmoja uitwao KESMA, na serikali ikatamka kwamba ni jambo la maslahi ya taifa ili mamlaka ya ushindani isiulize kitu. Mwaka 2020 mhariri wa tovuti ya habari ya Index alipofukuzwa, waandishi zaidi ya 70 wakaacha kazi wakaanzisha tovuti yao, Telex. Wasomaji wakachanga, na kampuni ya Kicheki, Economia, ikatia yuro 200,000. Na hapo ndipo mtu anawanyooshea kidole: wale wanakula za nje! Ulitaka wale za wapi, na za ndani umezifungia kabatini?

Sheria zenyewe nitazipitia haraka, maana mkitaka kulala mtalala. Mwaka 2014 polisi waliivamia Ökotárs, asasi iliyokuwa ikigawa ruzuku za Norway. Uchunguzi ukaisha bila mtu kushtakiwa. Mwaka 2017 ikaja sheria: ukipokea zaidi ya forinti milioni 7.2 kwa mwaka kutoka nje, jisajili na uandike kwenye kila chapisho lako kwamba unafadhiliwa na nje. Klabu za michezo na mashirika ya dini hayakuguswa, jiulizeni wenyewe kwa nini. Juni 2020 Mahakama ya Ulaya ikasema sheria hiyo inavunja sheria za Umoja wa Ulaya, na 2021 ikafutwa. Desemba 2023 ikatungwa nyingine, ikazaa Ofisi ya Kulinda Mamlaka ya Taifa, nayo kufika Juni 2024 ilikuwa inachunguza shirika la kupinga rushwa la Transparency International na tovuti ya uchunguzi ya Átlátszó. Mei 2025 ukaletwa muswada wa kuorodhesha asasi na kuzitoza faini mara 25 ya pesa zilizopokea. Watu wakamwagika barabarani, muswada ukasogezwa mbele.

Upande wa pili nao si malaika. Uchaguzi wa 2022, vyama haviruhusiwi pesa za nje, lakini mabilioni ya forinti yaliingia kutoka Marekani, mengi kupitia shirika la huko liitwalo Action for Democracy, hadi kwenye vuguvugu la Márki-Zay, mgombea wa upinzani. Yeye mwenyewe alikiri zilikuja. Kwangu hapo serikali ilikuwa na hoja. Ila sheria ya kumzuia mgombea asipokee pesa za nje angeiandika mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa ukurasa mmoja. Kwa nini imguse anayefichua zabuni za barabara?

Na pesa za kutoka Hungary kwenda nje hawakuzihesabu. Benki moja ya Hungary ilimkopesha Marine Le Pen wa Ufaransa zaidi ya yuro milioni 10 kwa kampeni ya 2022. Wafanyabiashara wa karibu na chama cha Orbán wakanunua hisa za vyombo vya habari Slovenia. Hiyo haikuwa na ofisi ya kuichunguza.

Nitoke nje ya mada kidogo, mniwie radhi. Nilipotafuta chumba, mama alinitumia pesa za amana kutoka kwenye chama chao cha akina mama kule Likoni. Benki moja hapa, siitaji, ikazishika. Wanataka kujua: hiki chama ni nini? Kimesajiliwa wapi? Nani mwenyekiti? Mama watu wanaandika kwenye daftari la mistari! Ikabidi mweka hazina aandike barua, ikatafsiriwa na mtafsiri wa kulipiwa, na tafsiri ikala sehemu nzuri ya amana yenyewe. Mwenye nyumba naye akampa mwingine chumba. Na wale binamu wanaouliza nani ananilipa ndio hao hao wameniingiza kwenye makundi ya michango ya harusi, jina langu limeandikwa ahadi ambayo sikuitoa. Kwa dola!

Tuendelee. Mnaodhani haya ni ya Wazungu, kumbukeni 2013 bunge letu lililetewa pendekezo kwamba asasi isipokee nje zaidi ya asilimia 15 ya bajeti. Likakataliwa. Na Julai 2024, vijana wakiwa barabarani, serikali ikaituhumu Ford Foundation kwamba inafadhili fujo. Wakakanusha. Mimi nikiwa hapa Budapest nilisoma ile taarifa nikadhani imetafsiriwa kutoka Kihungari.

Mnaoniuliza kama mchukue ruzuku za nje kwa vikundi vyenu: sijui kikundi chako, sijui eneo lako, usinifuate kwa sababu nina kamera. Mimi binafsi ningechukua, ningebandika kiasi na jina la mtoaji mlangoni, na nisingekubali mtoaji mmoja abebe bajeti yote. Nimeona 2025 Marekani ilipofunga bomba la USAID, watu waliamka kazi haipo. Lakini huyo ni mimi.

Kitu kimoja cha hapa nakipenda: mlipa kodi anaruhusiwa kuelekeza asilimia 1 ya kodi yake ya mapato kwa asasi anayoitaka. Muswada ule wa 2025 ulitaka kuwanyima hata hiyo asasi zilizoorodheshwa, yaani za nje usile, za ndani usile. KRA, watoza kodi wetu Kenya, wakiniuliza yangu iende wapi, nitawatajia jina bila kufikiri. Haya, wa bweni na visa andikeni chini nitajibu. Wa mchango wa harusi, sijaona ujumbe wenu.