Kuiona Seli Nzima Bila Kuikata: Eksirei na Kimelea cha Malaria

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa tiba na sayansi mliofika hapa Bukavu kutoka vitivo mbalimbali, karibuni.

Sote tumeshaona picha ya radio: mfupa huzuia mionzi, nyama huipitisha. Kanuni hiyo haijabadilika tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Leo tuitazame ikifanya kazi ndani ya seli moja, ambamo hamna mfupa wowote, ila maji mengi, protini na mafuta.

Eksirei za hospitali zina nguvu mno kwa kazi hii, kwani hupenya seli karibu bila kuacha alama. Watafiti hutumia eksirei laini, zenye nishati kati ya elektrovolti 284 na 543. Katika masafa hayo kaboni hufyonza mionzi kwa nguvu, lakini oksijeni iliyomo katika maji bado huiachia ipite, kwa hiyo maji huwa kama kioo safi, na chochote chenye kaboni hujitokeza chenyewe bila kutiwa rangi. Matone ya mafuta huonekana mazito kuliko kiini cha seli, kwa sababu kaboni imesongamana zaidi ndani yake.

Kwanza seli hugandishwa ghafla, kwa kasi isiyoyapa maji nafasi ya kujenga fuwele za barafu. Kisha huzungushwa kidogo kidogo mbele ya mwali, ikipigwa picha kwa kila pembe, na kompyuta huziunganisha picha hizo kuwa umbo kamili lenye kina. Darubini ya kawaida ya mwanga hukomea kwenye vitu vya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita); darubini hii ya eksirei laini hufikia takriban nanomita 50. Darubini ya elektroni huona vidogo zaidi, nami naithamini sana, lakini kwa kawaida hudai seli ikatwe vipande vyembamba.

Mfano unaotuhusu zaidi ni malaria. Kimelea kilichoingia katika seli nyekundu ya damu hula himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na mabaki yake, yaani himu yenye chuma, ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigeuza kuwa fuwele za hemozoini ndani ya kifuko chake cha kumeng'enyea. Seli nyekundu, yenye upana wa mikromita saba au nane, hupenywa yote na eksirei laini, hivyo fuwele hizo zimeonekana mahali pake halisi, ndani ya kimelea kisichokatwa. Jambo hili lina uzito kwetu, watu wa Kivu, ambao vilima vyetu hukuza miti ya kwinini: inaaminika kwamba kwinini, kama klorokwini, huvuruga ujenzi wa fuwele hizo, na himu ikabaki kukidhuru kimelea.

Njia hii ina mipaka. Mionzi hiyo huharibu seli, kwa hiyo tunachokiona ni kitambo kimoja kilichogandishwa, si mwendo wa uhai. Tena mwali wake hutoka hasa kwenye sinkrotroni, mitambo mikubwa kama ile ya Berlin, Berkeley na karibu na Barcelona. Afrika bado haina hata mmoja. Hata hivyo, vituo vya namna hiyo hupokea maombi ya watafiti kutoka nje na kuyapima kwa ubora wa swali la kisayansi. Swali juu ya kwinini na kimelea tunachokutana nacho kila siku katika vipimo vya damu linaweza kuandikwa hapa, katika maabara zetu.