Mkasi wa Kaunta

Habari za mchana, wauza dawa wenzangu. Nimeombwa nizungumzie maadili ya utoaji dawa na afya ya jamii, yote kwa dakika ishirini. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: kwenye ule mkasi uliofungwa kamba pembeni ya droo ya pesa.

Mteja anakuja na noti mkononi. "Nipe rangi mbili, sita tu." Unavuta karatasi ya vidonge vya antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, unakata. Naomba safari hii mkiangalie kipande anachoondoka nacho. Tarehe ya kuisha muda imebaki kwako. Namba ya toleo imebaki kwako. Pengine hata jina la dawa limekatika katikati. Amebeba dawa ya siku mbili isiyo na jina, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyempima.

Nilipoanza kazi nami nilikata. Palikuwa na mzee mmoja, fundi baiskeli, ana kidonda juu ya kifundo cha mguu. "Mwanangu, nipe za leo na kesho tu, nyingine nitafuata." Namwitikia, "Haya, mzee wangu," nakata nne. Alhamisi nne tena. Wiki ya pili sita. Nikajiona mtu wa huruma. Kidonda kikawa kinakauka juu, chini kinatunga usaha. Baada ya miezi miwili akaja na binti yake, kashika fomu ya maabara. Hospitali walikuwa wameuotesha ule usaha, wamjue mdudu aliyemo na dawa ya kumuua. Upande mmoja majina ya dawa, upande wa pili herufi. S, dawa inamuua mdudu. R, mdudu hasikii. Nikashusha kidole: R, R, R, R, R. S ilikuwa moja, mwishoni kabisa, ya sindano ambayo hata angeziba pancha mwezi mzima asingeimudu.

Siwezi kuapa kwamba usugu ule niliutengeneza mimi. Huenda mdudu alimwingia akiwa sugu tayari. Ninachojua ni kwamba kwa wiki zile zote nilikuwa namwonjesha mdudu dawa bila kumuua, na nilikuwa nalipwa kwa kazi hiyo.

Wala si jambo jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilisema Desemba 1945 alipopokea Nobel: huenda siku ikafika dawa hii ikauzwa madukani, na mtu asiyejua akajipa kiasi pungufu na kuwafundisha vijidudu kuihimili. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu huo.

Najua mtakachosema. "Nisipomuuzia mimi, jirani atamuuzia." Nimelisikia hili mpaka limenichosha! Jirani yako yumo humu ndani, na kisingizio chake ni wewe.

"Hana hela, nusu si afadhali?" Parasetamoli, muuzie hata mbili, maumivu yatatulia. Antibayotiki, hapana. Na asiniambie mtu kwamba siku hizi wataalamu wenyewe wanafupisha dozi. Wanafupisha, kweli, kwa baadhi ya magonjwa, baada ya kuwafuatilia wagonjwa. Anayepunguza siku awe mwongozo wa matibabu, isiwe pochi ya mgonjwa.

Tena mara nyingi asiye na hela hakuihitaji kabisa. Mama analeta mtoto wa miaka miwili, anakohoa, kamasi zinatiririka. Mpakate mtoto, akitulia fungua shati, tazama saa ya ukutani, hesabu pumzi dakika nzima. Mwaka mmoja hadi mitano, zikifika 40 ni nyingi. Miezi miwili hadi chini ya mwaka, 50. Zikifika hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au hanyonyi, hanywi: kituo cha afya, sasa hivi, usimuuzie chochote cha kumchelewesha. Kama hana dalili hizo na anacheza, hayo ni mafua, na mafua ni virusi, antibayotiki haiyagusi. "Mama, mpe vya kunywa kwa wingi, asali kidogo, akianza kuhema haraka mpeleke kituoni." Umemwokolea hela yake, wala hukugusa mkasi.

Mkoa huu wa Ruvuma ndio uliotangulia kwa maduka ya dawa muhimu, mwaka 2003. Yalianzishwa ili mtu wa kijijini apate dawa ya kweli, kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Ndiyo maana mkasi ule unaniuma zaidi nikiuona hapa.

Naona naonyeshwa saa. Faragha, basi, kwa ufupi: binti akija kuulizia P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, usimhoji mbele ya foleni, saa zake 72 zinakwenda, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Joto: msipange dawa kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana. Dawa bandia sitaziweza leo.

Dada wa nyuma aliuliza kuhusu dawa za kuku. Ni antibayotiki hizihizi, tetrasaiklini, dada, na mayai yanaliwa siku hiyohiyo. Nikimaliza tukutane hapo mlangoni, usiondoke.